Muhuri wa Dada Sabina

Wasifu wa marehemu Dada Sabina ulisomwa na binti yake mkubwa, na ulikuwa wa kurasa mbili. Shule alizosoma, kipaimara, ndoa, miaka aliyofundisha kwenye chuo cha vyama vya wafanyakazi, watoto wanne, wajukuu tisa. Guangzhou ilipewa sentensi moja: mwaka tisini na nane marehemu alifanya biashara nchini China kabla ya kurejea nyumbani. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu kwenye kiti cha plastiki, kanga begani, na hiyo "kabla ya kurejea" ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana aliyemrejesha nyumbani ni mimi. Waliponiomba niseme neno kama rafiki yake wa Uchina nikasimama, nikasema alikuwa mcheshi na mchapakazi, nikakaa. Watu wakaitikia amina. Basi niliyoyameza siku ile pale Moshi nayatapika hapa, na atakayetaka kunisema aniseme, nimeshakuwa bibi, sina cha kuogopa.

Habari za kwetu Tanga na za wazazi wangu naziruka, hazihusiki. Inatosha kujua kwamba nilipelekwa Uchina kusoma, nikamaliza nikiwa na Kichina cha kuongea na cha kuandika, na badala ya kurudi nikabaki Guangzhou kuwatafsiria wafanyabiashara wa kwetu. Siku hizo hatukuwa wengi. Kulikuwa na waliokuja wiki tatu wakanunua na kuondoka, na kama kumi hivi tuliokaa, wa Dar, wa Unguja, wa Mwanza, na wote walipita mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na bila mimi mtu mzima mwenye mvi zake hakuweza kununua hata dawa ya kikohozi. Nilikuwa naenda nao sokoni, wao wananyoosha kidole na mimi nasema. Laoban, yaani bosi wa duka, hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Raha ya jambo hilo sijui niieleze vipi. Ni raha ya kitoto, lakini ukishaionja hutaki mwingine aiguse.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tano, lifti hakuna, jiko la gesi liko kibarazani, ndani kitanda na meza ya kukunja. Kila Jumapili nilipika. Nyama nilinunua kwa Waislamu wa kaskazini karibu na msikiti wa zamani, tui la kopo lilitoka Thailand, na bizari Bwana Haji alikuja nayo kutoka Unguja akaigawa kwa kijiko kama dawa. Bwana Haji alikuwa muuza vitambaa, mtu wa makamo, mchaguzi wa chakula, na habari za kila mtu alikuwa nazo yeye. Wageni walikaa kitandani, sakafuni, na juu ya mabelo ya nguo yaliyokwisha kufungwa. Waliniita Mwalimu. Mazungumzo yote yalikuwa yangu: laoban gani mwongo, nani kanyimwa mzigo, kwa nini ukisikia "mei you", yaani hakuna, ujue bidhaa ipo lakini hapendi sura yako. Nikisimama kwenda jikoni, mazungumzo yalisimama yakaningoja.

Dada Sabina alikuja mwezi wa tatu, wakati ule ambao Guangzhou kuta hutoka jasho na sakafu huwa kama imemwagiwa maji, na nguo haikauki wiki nzima. Alikuwa amenizidi miaka kumi na miwili, mnene kiasi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuja kununua mikoba ya akina mama ya kuuza Moshi na Arusha. Alikula, akasifu, kisha bila kuombwa akakusanya sahani zote akaenda kuziosha. Nikampenda, nisiseme uongo. Ni pale Bwana Haji alipokiona kitabu kimechomoza kwenye mkoba wake akamwuliza anasoma nini ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, alichopewa chuoni kwao walipokuwa wanatupa vya zamani. Kinahusu maisha ya Mwingereza mmoja wa karne ya kumi na tisa, mshona viatu aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viatu. Sabina alikuwa amekifundisha miaka mingi, hakuhitaji hata kukifungua. Akapangusa mikono, akaketi juu ya belo, akaanza. Mtu huyo alikalishwa kwenye benchi la kazi akiwa na miaka saba, kusokota uzi na kuupaka nta. Kusoma hakujua, mkewe ndiye aliyemsomea magazeti mpaka akazishika herufi ukubwani. Sasa, mabosi wa viatu walikuwa na mchezo wao. Walimwita fundi mmoja peke yake, wakamwambia, mwenzako wa mtaa wa pili amekubali kushona kwa bei ya chini, wewe je? Fundi kwa hofu anakubali, kumbe yule wa mtaa wa pili ameambiwa maneno hayohayo. Alichofanya mshona viatu wetu ni kutembea nyumba hadi nyumba akimwuliza kila mtu ameambiwa nini, basi. Hapo ndipo chama kilipozaliwa, na mikutano yao wakaifanyia kilabuni.

"Kwani hawa Wangereza hawana pahala pengine pa kukutana ila kilabuni?" Bwana Haji aliuliza.

"Ndipo palipokuwa na moto, Bwana Haji. Kule ni baridi. Na yeye mwenyewe hakunywa."

"Haya, endelea. Zuhura, mwanangu, hebu punguza hilo jiko, hatusikii."

Niandike tena ili ieleweke: nyumbani kwangu, kwenye chakula changu, niliambiwa nipunguze jiko. Nikalizima kabisa, nikasimama mlangoni na mwiko mkononi, na nilihisi kitu kimenipanda kutoka tumboni hadi masikioni, cha moto. Nililijua jina lake tangu dakika ile. Watu husema wivu hujificha, kwamba mwenye nao hajui kama anao. Mimi nilijua vizuri sana.

Jumapili iliyofuata walikuja mapema kuliko kawaida, na haikuwa kwa ajili ya pilau. Wakala haraka, wakamgeukia Sabina. Alikuwa na namna yake ya kusimulia, sauti ya chini, anakatiza mahali pabaya, anasema vyombo vinamngoja, na watu wazima wanamsihi. Mshona viatu alifukuzwa kazi, jina lake likasambazwa kwa mabosi wa miji yote, akawa anatembea mji hadi mji na kadi ya chama mfukoni, kila afikapo wenzake wanampa mkate na kitanda cha siku moja. Sabina akasema alitembea peku kwenye theluji, viatu vyake amempa mtu mwingine, yeye mshona viatu. Mama mmoja wa Mwanza akajifuta macho. Sabina alipokwenda kuosha vyombo mimi nikachukua kitabu nikapekua. Kiingereza ninacho. Nikamwendea Bwana Haji nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Hayo ya kutembea peku humu kitabuni hamna."

"Basi kitabu ndicho kimesahau," akasema, na wote wakacheka.

Nikizidi kuandika naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa mwaka mzima ule. Akisifiwa gauni, mimi nilikuwa nalitafuta doa. Akija na mchicha wa kupika, niliona anataka kunionyesha kwamba mboga zangu ni mbaya. Mbele yake nilicheka, nikamwita dada, nikamshika mkono tukivuka barabara, na usiku nilipanga hoja za kumshinda kuhusu mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Nilimwonea kijicho hata yule mshona viatu. Mtu hana Kichina, hajui kuuliza choo kiko wapi, lakini ameweza kuja na maiti ya Mwingereza mkononi akaninyang'anya chumba changu.

Kisha hadithi ikashuka kutoka kitabuni ikaingia sokoni. Tulikuwa tumekwenda Shiling, mji wa mikoba, kwa basi, mimi na Sabina na mama wa Mwanza. Laoban wa kiwanda kimoja kidogo, mtu mwenye maneno matamu na chai haikauki, akamwambia Sabina kwa kinywa changu kwamba mwenzake kutoka Dar amechukua mikoba hiyohiyo kwa bei ya juu na hakulalamika. Sabina akaurudisha mkoba wa mfano mezani. Jioni ile akamtafuta huyo wa Dar, akamwuliza, na huyo naye alikuwa ameambiwa kwamba mama wa Moshi amekubali bei ya juu. Jumapili akasimama katikati ya chumba akalisimulia jambo hilo, na hakuhitaji kumtaja mshona viatu, kila mtu alikwisha mwona. Akasema tuanzishe chama. Mtu akiambiwa mwenzako amekubali, asijibu kitu mpaka amwulize mwenzake. Na agizo la mikoba liende moja, kwa barua moja, kutoka kwa katibu.

Nilijua katibu ni mimi. Nani mwingine? Anayeandika ni mimi, anayesoma ni mimi. Nilikwisha hata kupanga nitakataa mara ya kwanza kwa heshima, wanisihi, ndipo nikubali. Bwana Haji akasema, "Mimi namtaja Dada Sabina," na mikono ikanyooka kabla sijafungua mdomo. Mkono wangu nao ukanyooka, maana wote walikuwa wananitazama. Mwenyekiti akawa Bwana Haji. Halafu Sabina akanigeukia kwa furaha ya kweli, akasema, "Na Mwalimu atatuandikia barua yetu kwa Kichina, na kututafutia muhuri. Bila muhuri hawa watu hawakusikii, si ndiyo?" Ndiyo, nikasema. Kule muhuri ndio mtu mwenyewe.

Sasa nieleze neno lenyewe, kwa sababu kila kitu kimelala hapo. Sisi kwetu chama ni chama. Cha siasa ni chama, cha wafanyakazi ni chama, cha kufa na kuzikana ni chama, na akina mama kumi wanaonunua mikoba pamoja nao ni chama. Kichina hakikubali hivyo. Lipo neno gonghui, na magonghui yako mawili yanayotamkwa sawasawa, hakuna sikio litakaloyatofautisha. Moja ni jumuiya ya wafanyabiashara wanaolinda soko lao, na gong yake ina maana ya kitu cha wote, huandikwa kwa mistari minne. La pili ni chama cha wafanyakazi wa kiwandani, na gong yake ni ya kazi. Hiyo huandikwa kwa mistari mitatu tu, miwili imelala na mmoja umesimama katikati.

Mchonga mihuri alikuwa na meza yake chini ya ngazi, mzee mwembamba mwenye taa ndogo. Nikamwambia maneno ya muhuri. Akauliza kile ambacho Mchina yeyote lazima aulize: "Gong ipi?" Nakumbuka vumbi jekundu kwenye kucha zake. Nikafungua kiganja changu cha kushoto, na kwa kidole cha kulia nikachora mistari mitatu.

"Hiyo?"

"Hiyo."

Akanitazama juu ya miwani. "Una hakika, binti?"

"Ndivyo walivyoniambia wenyewe," nikasema.

Sikukosea. Nimejaribu miaka yote hii kujiambia nilikosea, na hata sababu nzuri ninayo: si chama cha mshona viatu ndicho walichokitaka, na mshona viatu si alikuwa wa wafanyakazi? Wivu haukosi hoja, unakuletea hoja safi zimepigwa pasi. Lakini nilijua. Nilitaka laoban aucheke ule muhuri. Nilitaka wenye chama wacheke, na Dada Sabina apande ngazi za ghorofa tano akihema, aseme, Zuhura nisaidie, sijui kitu. Zaidi ya hapo sikutaka, naapa. Sikufikiri kwamba jambo lenyewe halichekeshi, kwamba kule chama cha wafanyakazi ni cha serikali na mtu hajianzishii chake.

Tukapeleka barua Shiling, Sabina kavaa gauni la kanisani. Laoban akaisoma akitikisa kichwa, mpaka alipofika chini kwenye muhuri. Mkono wake uliokuwa unamimina chai ukasimama. Nyuma yake wasichana wa kushona walikuwa wameinama kwenye cherehani zao, safu mbili. Akauliza polepole, hii gonghui ni ya nani. Nikamtafsiria Sabina, "Anauliza chama ni cha nani."

"Mwambie ni chetu sote," Sabina akasema, amenyooka kwa fahari, "na yeyote anayetaka kujiunga nasi anakaribishwa." Na mkono wake ukazunguka chumba kizima kwa ukarimu, ukapita juu ya vichwa vya wasichana wale.

Ningeweza kulirekebisha hapohapo. Sentensi moja ingetosha: samahani, laoban, tumekosea herufi, sisi ni wanunuzi. Nilifungua mdomo, na nikatafsiri alichosema Sabina, chote, pamoja na karibu. Msichana mmoja akainua kichwa. Laoban akaikunja barua akaitia mfukoni, akasema leo ana shughuli nyingi.

Haikupita wiki Sabina akaitwa kwenye ofisi ya mambo ya wageni, aje na mkalimani. Tulikaa kwenye viti vya mbao, tukapewa maji ya moto kwenye vikombe vya karatasi. Ofisa alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti hata mara moja. Barua ilikuwa mbele yake. Akauliza kwa nini mgeni mwenye viza ya biashara anaanzisha chama cha wafanyakazi ndani ya kiwanda. Nikamtafsiria Sabina.

"Wafanyakazi?" akasema. "Sisi si wanunuzi?" Akanigeukia. "Umeandika nini, Zuhura?" Siku zote aliniita mdogo wangu.

"Nimeandika chama," nikajibu.

Ofisa akauliza, herufi hii nani kaichagua. Kiganja changu kilikuwa kimelowa. Nikamwambia Sabina kwamba yapo maneno mawili, na limeandikwa lisilo lenyewe, na anataka kujua ni kosa la nani. Hapo nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa ofisa. Akakitazama kikombe chake. Kisha akasema, "Mwambie ni kosa langu. Mwambie mimi ndiye niliyempa binti huyu neno, yeye kaandika tu alichoambiwa. Bado mdogo, ana maisha yake hapa, wasimsumbue."

Na mimi nikatafsiri. Nikayasema yote neno kwa neno, sikupunguza, sikuongeza, na Kichina changu siku ile kilikuwa kizuri kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Ofisa akaandika. Akasema anaelewa, lakini viza haitaongezwa, na zimebaki siku kumi.

Sabina alikuwa ameshalipia mikoba ambayo haijashonwa, na duka la Moshi lilikuwa limekodiwa linamngoja. Yote aliyaacha kwa mama wa Mwanza amfanyie awezavyo. Watu walisema ni bahati mbaya ya lugha. Bwana Haji aliuchukua muhuri akautupa mtoni, na chama kikaisha kabla hakijanunua mkoba hata mmoja. Jumapili ikaja, wakaja kwangu, wakakaa kwenye mabelo. Nilipika pilau na jiko likaunguruma nilivyotaka, hakuna aliyeniambia nilipunguze. Mazungumzo yakarudi kuwa yangu. Nikasema laoban fulani mwongo, wakaitikia, na baada ya chakula wakaaga wakaenda zao. Nilikuwa nimerudishiwa kila kitu changu, na nikakaa nacho peke yangu, nikaosha vyombo.

Nilimsindikiza hadi stesheni ya treni ya Hong Kong, kwani ndege yake ilikuwa inatokea huko. Wengine walimuaga nyumbani. Nilibeba begi lake kubwa, na njiani nilikuwa nimepanga kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno kabisa: dada, sikukosea. Tukakaa kwenye benchi kusubiri, mikoba yake ya mfano miguuni, na yeye akaanza kwanza.

"Mdogo wangu, nikuambie kitu, usinicheke. Mwaka huu wote nimekuonea wivu."

Nikasema, "Mimi?"

"Wewe. Wivu mbaya. Mimi mtu mzima, mwalimu, nakaa mbele ya watu miguu pamoja kama gunia, nangoja wewe uniambie nimesema nini. Wewe ukifungua mdomo wote wanakutazama. Zile hadithi za mshona viatu, kwani nilikuwa nazitaka? Ndipo mahali pekee nilipoweza kusikika." Akavua miwani, akaukaza ule uzi. "Siku nyingine nikikusikiliza sokoni nilikuwa naomba moyoni ukosee. Neno moja tu, watu wakucheke kidogo. Sasa limekuja kutokea kweli. Ndiyo maana pale ofisini nikasema kosa ni langu. Niliona dua yangu mbaya ndiyo iliyokupata. Nisamehe, Zuhura."

Akanishika mkono, akangoja nijibu. Nikamwambia treni inaondoka. Ilikuwa bado dakika ishirini.